Waya Nilioupitisha Bila Fyuzi

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi ufunguo wa kabati langu la zana, na ninaowaachia benchi la umeme wameniomba niwaandikie ninayoyajua. Mengi mnayo tayari, maana nimewafundisha mwenyewe, na yaliyobaki yamo kwenye vitabu vya watengenezaji, ambavyo kwa bahati mbaya vingi vimeandikwa Kijapani. Lakini liko moja ambalo halimo vitabuni wala sikuwahi kulisema benchini. Linahusu taa za kazi, zile tunazofunga nyuma ya trekta ili dreva aone jembe lake. Kila mmoja wenu anajua kuzifunga. Nadhani kila mmoja pia amewahi kujiuliza kwa nini mimi, Bi Zuwena, nina hasira kiasi kile na fyuzi.

Niliingia karakana ya matrekta mwaka 1985. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeachika, na binti yangu Raya ndiyo kwanza ameanza skuli. Kabla ya hapo nilikuwa dukani kwa mjomba wangu, Mkunazini, nikitengeneza redio. Mjomba alipofariki duka likafungwa, na jirani akaniambia karakana wanatafuta mtu wa umeme. Hakusema kama wanatafuta mwanamume. Nadhani hakuona haja ya kusema.

Bwana mkubwa wa karakana aliisoma barua yangu, akanitazama, akaisoma tena.

"Zuwena ndiye wewe?"

"Naam."

"Basi nenda kwa Mzee Seif. Akikukataa, usirudi huku."

Mzee Seif ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa umeme. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na shati lake lilikuwa safi kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu anayefanya kazi na grisi. Asili yake Mwarabu. Babake alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa Mangapwani, likachukuliwa baada ya mapinduzi kama yalivyochukuliwa mashamba mengi, naye akaingia karakana angali kijana. Habari hiyo aliwahi kuigusa mara moja tu mbele yangu. Tulikuwa njiani kwenda kutazama trekta lililokwama, akanyoosha kidole dirishani na kusema, "Hapo ndipo nlipozaliwa." Kisha akaniuliza kama nimechukua bisibisi ndogo.

Siku ile ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa taa ya kupimia, yaani balbu ndogo na waya mbili alizoziunga mwenyewe, akanipeleka mbele ya trekta lisilowaka taa hata moja. "Moto unatoka kwenye betri," akasema. "Ufuate mpaka ulipoishia, uje unambie." Nilikaa chini ya trekta lile saa mbili. Moto ulikuwa unafika kila mahali, kumbe njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa imekatika, waya wa athi umeliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye chuma. Nilipomwambia, aliinama akatazama, akasema, "Vyema." Nimesifiwa mara kadhaa katika maisha yangu ya kazi, kuna mara nimepewa hata karatasi yenye muhuri, lakini neno hilo moja ndilo nililolibeba mpaka nyumbani.

Siku ya pili nilikuta pembeni ya stoo pametundikwa pazia la turubai, na nyuma yake msumari wa kutundikia baibui na kibao cha kukalia. Hakuna aliyesema nani kaweka. Ila turubai lilikuwa limeshonwa kwa waya mwembamba wa umeme, kwa mishono ya mtu mwenye subira, na karakana nzima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja.

Alinifundisha kwa maneno machache. Waya mpya una rangi, alisema, waya mkongwe una tabia. Alinikataza kuchuna waya kwa meno, kosa nililolitoa dukani kwa mjomba. Alinizoesha kupaka grisi kila kiungo, kwani kisiwa hiki hewa yake ina chumvi na shaba haiivumilii. Na kabla ya yote alinizoesha fyuzi: waya wowote unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shibiri moja. Waya ukichubuka ukagusa chuma, fyuzi inakatika na mambo yanaishia hapo. Bila fyuzi, waya wenyewe unakuwa moto kama wa jiko.

Nililijua hilo. Naliandika hapa ili msije mkanitafutia udhuru.

Katika mwaka wangu wa pili, kabla ya mvua za masika, matrekta yalikuwa yakilima mabonde ya mpunga kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Makame Haji, dreva kijana wa Matemwe, mcheshi, mtu wa kuimba kwenye usukani, alikuja benchini kuomba taa ya nyuma. Saa za mwisho wa kazi alikuwa haoni jembe limeshika nini. Juma moja kabla yake, jembe lilikuwa limevuta kisiki, na mtu aliyekuwa akitembea nyuma akakoswakoswa. Mzee Seif hakuwepo. Mkewe alikuwa amelazwa, naye alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu. Nikasema nitaifunga mimi.

Taa ilikuwepo, waya ulikuwepo. Stoo hapakuwa na kishikio cha fyuzi, wala kile kipete cha mpira kinachovikwa kwenye tundu la bati ili waya usichubuke. Mwenye stoo akasema vitakuja kesho. Saa ilikuwa imefika ya kumfuata Raya skuli. Nikaupitisha waya kwenye tundu la bati vivyo hivyo, nikaufunga moja kwa moja kwenye betri, nikajiambia kesho asubuhi nitamalizia. Taa iliwaka vizuri. Makame akanishukuru, akaniitia dua.

Kesho yake asubuhi nilipofika, trekta lilikuwa limeshaondoka kwenda bondeni kaskazini, na ratiba yake ya kurudi ni baada ya siku kumi. Ningeweza kupanda gari ya karakana nikalifuata. Nilijiambia litarudi tu.

Siku ya nne liliwaka moto. Waya ulisuguana na ukingo wa lile tundu mpaka ngozi yake ikaisha, ukagusa bati. Makame aliona moshi chini ya dashibodi. Badala ya kuruka, aliukamata waya kwa mkono wa kulia akauvuta, kwa kuwa aliogopa kupoteza trekta la watu. Akaung'oa ule waya mwekundu kwa moto, na ngozi ya kiganja ikabaki nao. Trekta lilipona, boneti na baadhi ya nyaya ndivyo vilivyoungua. Makame alikaa hospitali, na vidole viwili vya mkono ule havikukunja tena.

Habari ilitufikia mchana. Mzee Seif alikuwa amesharudi kazini. Tulitumwa bondeni mimi na yeye kulitazama trekta. Akafungua boneti, akaufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye taa mpaka kwenye tundu, kutoka kwenye tundu mpaka kwenye betri. Kisha akaifunga. Mimi nilikuwa nalia.

Jioni yake bwana mkubwa alituita ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Wallahi nilikuwa nimejiandaa. Lakini Mzee Seif akatangulia.

"Kazi ya umeme hapa ni yangu," alisema. "Waya ule nliukagua mimi nikauona unafaa. Kosa langu."

"Wewe ulikuwa likizo, Mzee Seif."

"Nlipita asubuhi."

Hakupita. Bwana mkubwa alijua hakupita, au nadhani alijua, lakini mtu akishakubali kosa ofisini huwa hatafutwi mwingine. Mzee Seif akaondolewa kwenye benchi, akapelekwa kibanda cha kuchajia betri, mahali pa mtu anayeanza kazi.

Nilimfuata huko kesho yake. Nikamwambia nakwenda kusema ukweli.

"Ukienda watakufukuza," akasema, akiwa anamimina maji kwenye betri, hata hakuniangalia. "Na hawatachukua mwanamke mwingine hapa mpaka sote tufe. Wewe una mtoto. Mimi nshalima, nshavuna."

"Lakini mzee, Makame..."

"Makame ntamwambia pole mwenyewe. Wewe nnakukataza kusema. Ukisema utanidhalilisha mara mbili, kwa kosa na kwa uongo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nikanyamaza. Nimekuwa nikijiambia miaka yote kwamba nilinyamaza kwa kumtii. Sasa nimestaafu na sina wa kumwogopa, basi niseme sawasawa: nilinyamaza kwa sababu nilifurahi kukatazwa.

Alimwambia Makame pole, kama alivyoahidi. Alikwenda hospitali na chungwa na mkate wa mofa. Makame akamgeuzia uso ukutani. Makame aliporudi kazini hakumwamkia tena. Kijana wa kisiwa hiki kupita mbele ya mzee bila shikamoo, mnajua uzito wake. Wengine wakamfuata, na wengine wakaongeza maneno ya asili ya Mzee Seif na ya babake, ambayo sitayaandika. Yeye alikuwa akiwasalimu kila asubuhi hivyo hivyo, kwa majina yao, kisha anakwenda kwenye betri zake.

Baada ya miaka alirudishwa benchini, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeweza kuyasoma yale matrekta. Tukafanya kazi pamoja mpaka alipostaafu. Miaka ile ndiyo niliyojifunza kazi kikweli. Tulikuwa na trekta moja ambalo betri yake ilikufa kila Jumatatu. Tulibadilisha betri mbili, dainamo moja, tukakagua kila waya, mpaka Mzee Seif akaenda kukaa kwenye ua Ijumaa mchana na kijitabu chake. Akaona mlinzi anakuja, anaunga redio yake kwenye betri, anasikiliza mpira na taarabu mpaka Jumapili. Hakumshtaki. Alimtengenezea mlinzi betri kuukuu ya kwake peke yake. Hitilafu nyingi za umeme, ndugu zangu, zina miguu miwili.

Makame naye alikuwa ameondoka karakana zamani. Alirudi kaskazini, akalima, akaoa, akazaa. Nilikuwa nikimwona mara moja moja mjini, na kila nikimwona macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mkono wake.

Mzee Seif alistaafu, mkewe akafariki, akahamia Mpendae kwa binti yake, Nasra. Nilikwenda kila Idi na halua, na siku nyingine bila sababu. Macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni sukari. Aliniuliza habari za kila trekta kwa namba yake kama watu wanavyouliza habari za wajukuu. Kuhusu Makame hakuuliza hata mara moja, na mimi sikumtaja.

Ikafika mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Matrekta madogo yalikuwa yameanza kuingia, yale ya Kijapani yaliyotumika, yanayoweza kupita kwenye majaruba ya mpunga bila kubomoa kingo. Siku moja Makame Haji akaja getini kuniulizia. Alikuwa na mvi. Kikundi chao cha wakulima wa mpunga kilikuwa kimenunua trekta dogo, na mwanawe aliyeko Dubai alikuwa amemletea taa nne za LED ndani ya boksi. Kuna mafundi kwao, alisema, lakini anataka kazi ya umeme ifanywe na mtu anayemwamini.

"Nnakuamini wewe, Bi Zuwena," akasema. "Ile taa yako ya mwanzo ilikuwa nzuri. Ni yule mzee tu."

Nilimwambia nitakuja Jumamosi.

Nilifika asubuhi na mkoba wangu. Trekta lilikuwa chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba, dogo kiasi kwamba nilisimama nikaliona paa lake. Mkewe, Bi Mwanakombo, akanitandikia mkeka, na Makame akakaa pembeni kunishikia vitu. Nitawaeleza tulivyofanya, kwa kuwa ndiyo kazi na kazi haiachwi.

Nilianza na dainamo. Trekta dogo lina dainamo dogo, na taa nne za balbu za zamani zingelinyonya mpaka betri ife kabla ya adhuhuri. Taa za LED hazili hata robo ya hizo, ndiyo uzuri wake. Nikapima chaji injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma, nikaona zitatosha. Taa mbili nikazipanga mbele, mbili nyuma. Makame alikuwa tayari na mashine ya kutobolea, anataka kulitoboa lile bomba la chuma linalosimama nyuma ya kiti. Nikamzuia. Bomba lile ndilo linalomkinga dreva trekta likipinduka, na kila tundu linalipunguzia nguvu. Tukafunga taa kwa vibano, na chini ya kila kibano nikaweka kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ili kisile rangi.

Taa za nyuma nilizielekeza chini, kwenye visu vinavyozunguka kuvuruga udongo, pale ambapo mguu wa mtu ukiingia hautoki. Waya nikaupitisha mbali na bomba la moshi, nikaufunga kila shibiri, nikaacha mlegezo kidogo pale trekta linapokata kona. Waya wa athi sikuufunga kwenye bodi ya trekta. Bodi ina rangi na kutu inakuja, kwa hiyo niliurudisha mpaka kwenye betri yenyewe. Swichi niliiweka mahali ambapo mkono wa kushoto wa Makame unaifikia, na nikaweka rilei, ili moto mkubwa upite huko na swichi ibebe mdogo tu. Kila tundu la bati nililivisha kipete cha mpira. Nilikuja navyo kumi na viwili, na tulihitaji vitatu.

Kisha nikatoa kishikio cha fyuzi, nikakifunga karibu kabisa na betri. Makame aliinama kutazama.

"Hiyo ndo nini?"

"Fyuzi. Waya ukigusa chuma, inakatika yenyewe."

Aliitazama kwa muda. "Ndo hii," akasema polepole, "aliyosahau Mzee Seif?"

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Nililiweka juu ya mkeka.

"Mzee Seif hakusahau kitu," nikasema. "Hakuwepo. Alikuwa hospitali na mkewe. Waya ule niliufunga mimi, Makame, peke yangu, bila fyuzi, nikijua. Nlikuwa na haraka ya kumfuata mtoto skuli. Yeye alijitia kosa langu nisifukuzwe, na mimi nkamwacha."

Makame aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena. Bi Mwanakombo alikuwa anakuja na chai na mihogo, akasimama katikati ya ua akiwa ameshika sinia, amesikia yote.

"Miaka ishirini," Makame akasema. "Nimempita yule mzee njiani kama gogo."

"Najua."

"Mke wake kafa, sikwenda. Nliambiwa, sikwenda."

Nilianza kusema kitu, sikumbuki nini. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Malizia kazi yako," akasema. Akaingia ndani.

Nikamalizia. Kufunga kichwa cha waya kimoja kulinichukua mara tatu, na aliyenishikia waya alikuwa Bi Mwanakombo. Tulipobonyeza swichi taa zote nne ziliwaka kwa weupe mkali hata mchana ule. Redio iliyokuwa barazani ikaanza kuvuma kama nyuki. Taa za LED za bei nafuu zina tabia hiyo. Bi Mwanakombo aliisogeza mbali, akaniambia nile muhogo. Sikuweza. Alinifungia kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka barabarani. Makame hakutoka.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa karakana, kijana niliyemwona anaingia kazini na suruali ndefu kuliko miguu, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniambia majalada ya miaka ile yameliwa na mchwa, na kwamba kama ninataka kuadhibiwa itabidi nimsaidie kutafuta kosa jipya. Nikarudi benchini. Nilijua adhabu yangu haiko ofisini, iko Mpendae, na sikuwa na ujasiri wa kwenda.

Ilipita wiki mbili. Ijumaa baada ya sala, mlinzi akaja kuniambia kuna mgeni. Makame alikuwa getini, kavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia, na mkononi ana kikapu cha mchele mpya.

"Nipeleke kwake," akasema.

Tulikwenda bila kuzungumza. Nasra alitufungulia, akashangaa, akatuingiza ukumbini ambako Mzee Seif alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Shati lake lilikuwa safi vile vile. Wakati ule alikuwa haoni ila kivuli na mwanga.

"Shikamoo, mzee," Makame akasema.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Makame. Makame Haji, dreva."

Nilisikia mtaani mtu anauza ndizi, anapita, anaishia mbali. Kisha mzee akanyoosha mkono hewani, akitafuta, na Makame akapiga magoti kwenye zulia akauweka mkono wake wa kulia ndani ya ule wa mzee. Mzee Seif akaupapasa, kiganja, halafu kidole kimoja kimoja, kwa namna ile ile aliyokuwa akiufuata waya.

"Hivi viwili havikunji," akasema.

"Havikunji. Lakini vinalima."

"Alhamdulillahi."

"Mzee, nlikudhania vibaya. Nlikusema vibaya mbele ya watu. Nimekuja kutaka radhi."

"Nani kakwambia?"

"Bi Zuwena."

Uso wake ukageuka upande wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kama siku ile ofisini.

"Nlikukataza," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nlikukataza, mwanangu, lakini sikudhani utanitii muda wote huu."

Nikaanguka chini nikalia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Aliniacha nilie. Nasra alinishika mabega. Baadaye kidogo nikasikia mzee anamuuliza Makame taa za siku hizi zikoje, ni kweli hazipati moto, na fyuzi niliyoweka ni ya ampea ngapi. Makame hakujua. Mzee akamwambia nenda ukaitazame, namba imeandikwa juu yake, uje unambie.

Akaenda akaitazama, akarudi Ijumaa iliyofuata kumwambia. Tangu hapo alikuja karibu kila Ijumaa. Alimletea mzee mchele, mihogo, siku nyingine pweza. Alimwongoza kwa mkono mpaka msikitini na kumrudisha. Waliongea nini sijui, kwani mara nyingi nilikuwa jikoni na Nasra, ila niliwasikia wakicheka, na nilikuwa sijamsikia Mzee Seif akicheka miaka mingi. Walipata mwaka mmoja na miezi. Ingekuwa ishirini kama ningesema siku ile ofisini, na hesabu hiyo sitaacha kuifanya.

Mzee Seif alifariki asubuhi moja ya msimu wa Kaskazi, usingizini. Nyumba ilijaa. Wanaume waliondoka na jeneza baada ya adhuhuri, sisi wanawake tukabaki na Nasra, tukisoma. Ilikuwa karibu na alasiri waliporudi. Makame alikuja mpaka mlango wa nyuma akaniita. Kanzu yake ilikuwa na udongo mwekundu kuanzia magotini mpaka kifuani, maana alikuwa mmoja wa watatu walioteremka kaburini kumpokea.

"Tumemlaza vizuri, Bi Zuwena," akasema. "Nlikishika kichwa mimi."

Nikampa maji ya kunawa, nikamshikia birika mpaka akamaliza.